Wakfu wa Popo

Wageni wanaokuja kutazama popo wetu huniuliza swali lile lile, mpaka nimelichoka: Bi, unawapenda? Huniuliza huku wameinua vichwa, midomo wazi, jambo ambalo mie silifanyi chini ya mivule yao hata nikipewa Pemba nzima. Siwapendi. Wananuka, wana kelele, wanakula maembe yangu na mashelisheli ya jirani ambaye hadi leo hanisalimii vizuri, na nguo nyeupe nimeshaacha kuzianika nje. Lakini nikisema hivyo wageni hucheka, wakadhani ni utani wa Kipemba. Siku hizi nawaambia, "Sana," wanapiga picha zao, wanakwenda.

Sikuwachagua. Aliyenichagulia ni baba yangu, siku ya Ijumaa, mbele ya watu wote wa msikitini, mwenyewe niko kitandani na mtoto mchanga, sina habari.

Kwetu mwanamke akibeba mimba ya kwanza hurudi kwao kujifungua. Anakaa arobaini ndani, anakandwa, anafukizwa, ananyweshwa uji wa pilipili manga mpaka masikio yanatoa moshi, halafu anarejea kwa mumewe. Ndivyo nilivyokuja. Maisha yangu yalikuwa Unguja. Mume wangu alikuwa fundi wa mafriji, tumepanga vyumba viwili ghorofani, na nilishapata kazi ya kushona sare za skuli kwa mama mmoja mwenye cherehani nyingi. Dirisha letu lilitazama sokoni. Nilikuwa nikikaa pale na chai yangu, nawatazama watu wanavyogombania bei ya ndizi, nikisema moyoni alhamdulillahi, shamba nimetoka. Mama yangu alishafariki, kwa hiyo aliyenipokea na kunilea uzazi ni shangazi yangu, dada yake baba, mwanamke mnene mwenye mikono mizito kweli kweli wakati wa kukanda. Nilihesabu arobaini yangu kwa hamu, nirudi kwenye dirisha langu.

Nyumba ya baba iko bondeni, upande wa Ole, na nyuma yake ndio huo msitu. Msifikirie msitu mkubwa kama wa Ngezi. Ni miti mikubwa iliyoachwa kwa sababu chini yake yamo makaburi ya wazee wetu: mivule, misufi, miembe ya kale isiyopandika, na mwisho wake kuna chemchem ambayo kijiji kizima kinachota. Popo walikuwamo humo tangu zamani, wale wakubwa, wenye manyoya mekundu shingoni na uso kama wa mbwa mdogo. Mchana wananing'inia mitini wakigombana, magharibi wanatoka kwenda kula. Nilipokuwa mtoto watu walikuwa wakiwategea nyavu na kuwala, na walaji walisema nyama yake inamshinda kuku. Sisi nyumbani hatukula, wala si kwa huruma. Baba alikuwa akisema hawezi kutia tumboni kitu kinachokojoa kichwa chini.

Baba na ami yangu, mdogo wake, waligawana mirathi zamani. Ami alichukua kilima chenye mikarafuu, baba akapata bonde lenye msitu, na kwa miaka mingi ami alijiona mjanja. Halafu bei ya mbao za mvule ikapanda. Hapo ami akaanza kushuka bondeni kila siku na maneno matamu: kaka, tukate michache tu, kaka, miti inazeeka, itaoza bure. Baba hakukubali wala hakukataa, naye ami akauchukulia ule unyamavu kuwa ndiyo. Asubuhi ya ile Ijumaa alimleta mnunuzi wa mbao, wakapita wakiitia miti alama za rangi nyekundu. Mmoja walioutia alama ni mvule uliosimama kichwani pa kaburi la bibi yangu, yaani mama yao wenyewe.

Baba alikuwa shambani kwake, kwenye muhogo. Alipoambiwa alikwenda akaiona ile rangi, akaishika kwa kidole. Akaenda msikitini na nguo zile zile za shamba, ametia udhu tu.

Mie nilizipata habari kwa shangazi, aliyeingia chumbani na bakuli la uji.

"Kunywa kwanza, mwanangu," akasema. Nikajua pana jambo, maana shangazi yangu habari njema huzipigia kelele tangu uani.

"Kuna nini, shangazi?"

"Kunywa."

"N'shakunywa. Kuna nini?"

"Umeshapewa msitu."

Nilidhani ni mirathi, yaani baba kafa. Nikapiga yowe mtoto akaamka. "Hajafa, hajafa!" shangazi akanishika. "Mzima wa afya, yuko nje anatukana."

Alichofanya baba ni hivi. Sala ilipomalizika alisimama, akasema kwa sauti: "Shuhudieni. Ule msitu wangu nimeuweka wakfu, kwa ajili ya popo na kila kiumbe cha Mungu kinachokaa mle. Haukatwi, hauuzwi." Watu wakageuka. Popo? Mzee huyu huyu anayewarushia magunzi? Lakini hakuwa mpumbavu. Mwezi ule ule watu wa idara ya misitu walikuwa wamekuja kijijini kutueleza kwamba popo yule hayuko popote duniani isipokuwa katika kisiwa hiki, na kwamba walikuwa karibu kwisha kwa nyavu, bunduki na kukatiwa miti. Baba alikuwa amekaa nyuma kabisa, anapiga miayo, lakini alisikia. Alijua akisema makaburi tu, ami atasema na mie ni makaburi yangu. Akisema popo, ameingiza serikali ndani.

Shehe wetu wa wakati huo, mtu wa upole, alijaribu kumrudisha. "Mzee, umelifikiri? Wakfu ukishatamka mbele ya mashahidi umetoka mikononi mwako. Haurithiwi, haurudi."

"Nimeshasema."

Shehe akamwambia wanazuoni wana maneno juu ya kuwawekea wakfu wanyama wa mwituni wenyewe, lakini akinuia manufaa ya watu, miti isimame, chemchem isikauke, na viumbe wakae mle kwa amani, hapo hapana tatizo. Baba akasema, "Ndivyo hivyo hivyo nilivyosema." Hakuwa amesema hivyo hata kidogo.

"Na msimamizi nani?"

Hapo, shangazi alivyosimuliwa, baba alitazama huku na huku. Mtoto wake wa kiume yuko Oman. Ami kakaa safu ya mbele, macho yamemtoka. Basi akasema, "Binti yangu. Yumo ndani."

Hasira hasara, tunasema, ila hasira ilikuwa yake, na hasara akaitia mfukoni mwangu. Alipoingia kuniona jioni nilimkalia tayari.

"Baba, mie arobaini ikisha n'naondoka."

"Utaondoka. Nani kakuzuia?"

"Na msitu?"

"Ni kwa muda tu. Kaka'ko akirudi Oman ataushika."

"Kaka harudi, unajua."

"Basi mlete huyo mumeo ahamie huku. Friji ziko huku pia." Akamtazama mtoto, akamwambia mashaallah, akatoka. Ndivyo alivyokuwa. Ukimkamata mkono anakuachia mkono, anakwenda.

Arobaini ilikwisha na nilikuwa nimeshakata tiketi ya boti. Siku mbili kabla ya kusafiri walikuja wategaji wa nyavu kutoka kijiji kingine, watu ambao wakfu wetu hawaujui wala hawana haja nao. Baba aliwakuta msituni na panga mkononi, akamkata mmoja bega. Si sana, lakini baba alichukuliwa kituo cha polisi, na shangazi akaja mbio kuniita: wavu bado uko juu na watu wamejaa chini, kila mtu anatoa amri.

Nikaenda, mwanangu nimemfunga kifuani. Wavu ulikuwa umeshushwa nusu, umejaa popo waliojizongazonga wakipiga kelele ya kupasua masikio. Mmoja aliyekuwa karibu yangu alikuwa na mtoto amemng'ang'ania tumboni, mtoto kipara, macho ya mtu aliyeamshwa usingizini. Nilianza kuzikata zile nyuzi na mkasi wangu wa kushonea. Mama mtu aliniuma kidole mpaka mfupa. Nikamtukana, nikaendelea kukata. Na hapo hapo, kwa zile kelele za watoto, maziwa yakanitoka nikalowa kanga nzima mbele za wanaume. Sijapata kuona aibu kama ile, na hasira zikapanda juu ya aibu. Nikawageukia wale waliosimama bure: "Mnatazama nini? Leteni visu!" Wakaenda kuleta visu. Ndipo nilipojua kwamba kijiji kile kinanisikiliza, na ingekuwa bora kwangu nisingejua.

Sikusafiri. Baba alirudi baada ya kuombewa msamaha na shehe, na shehe aliniita pembeni. "Mwanangu, baba yako akiachwa peke yake na ule msitu, ataua mtu. Kaa kidogo mambo yatulie." Nikampigia simu mume wangu. Akasema hapana neno, kaa kidogo.

Hicho kidogo ndicho kilichonila. Ikaja musimu ya maembe, popo wakashambulia miembe ya watu, ikabidi niende nyumba kwa nyumba kuomba radhi kwa niaba ya viumbe nisiowatuma. Zikaja karafuu. Akaja mtu kutaka kuchoma mkaa. Wakaja vijana na manati, nikawafukuza kwa mchi. Watu wa misitu wakatuelimisha kwamba popo jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, na akishtuliwa huweza kumwangusha, na kwamba mbegu anazozitupa usiku ndizo zinazootesha miti ambayo hakuna mtu aliyeipanda. Nilisikiliza, nikaelewa, na kila nilichoelewa kiliniongezea mzigo. Asiyejua hulala usingizi.

Mume wangu alikuwa akija. Anashuka bandarini Mkoani, anafika na mkate wa mofa na nguo za mtoto, anakaa siku chache barazani akimtazama baba kwa jicho la pembeni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akinambia, "Nyumba yetu inanuka upweke," na mie nikimwambia, "Mwezi ujao, inshaallah." Niliyasema maneno hayo mpaka nikaona haya kuyasema.

Mtoto alipokuwa anajua kukimbia, ikatokea harusi Shumba kwa jamaa za mama yangu. Sikuwa nimetoka bondeni kulala nje tangu nilipojifungua. Wakati huo baba alikuwa ameshapooza upande mmoja, lakini shangazi akanisukuma: "Nenda ukacheze, wee mtoto. Unakuwa kama kisiki." Nikaenda. Nikacheza ngoma mpaka miguu ikavimba, nikacheka na wanawake ambao hawakuniuliza habari ya popo hata mara moja. Nililala huko, nikaongeza na siku ya pili.

Niliporudi, nilijua kabla sijafika. Njiani bondeni mwanga ulikuwa mwingi mno. Ami alikuwa ameleta msumeno wa mashine, ameuangusha mvule mmoja, mkubwa kuliko yote, na ulipoanguka ulivunja mingine. Shangazi alikuwa amekaa chini uani na kanga kichwani. Baba kitandani analia kwa upande mmoja wa uso. Chini ya mti watoto wa popo walikuwa wametapakaa, wengine wazima bado, wanatambaa kwenye majani wakilia, na siafu wameshafika. Nikapanda kilimani kwa ami. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, na yeye alinisikiliza akitafuna tambuu, kisha akasema, "Msimamizi ulikuwa wapi?"

Kesi ilikwenda kwa kadhi, ami akakatazwa kutia mguu msituni, na mbao zikachukuliwa zikatengenezwa madawati. Lakini lile swali lake liliniingia mwilini. Tangu siku ile sikulala nje ya bonde.

Popo wenyewe walihama. Asubuhi baada ya mti kuanguka hapakuwa na hata mmoja. Kimya kilichoingia nyumbani kwetu mie sikukizoea, nikawa naamka kusikiliza. Siku zikapita, wiki zikapita. Basi siku moja nikawa nafagia uwanja, ukawa msafi, ukabaki msafi mpaka jioni, na wazo likanijia polepole: wameondoka. Popo hawapo, mie nafanya nini hapa?

Nikaingia kwa baba. Alikuwa anaongea kwa shida. Nikamwambia, "Baba, hawapo. Niende?"

Akageuza uso dirishani. Kisha akasema, "Wakiwa hawapo, nani atakulaumu? Nenda."

Wallahi nilimbusu mkono. Nikampigia mume wangu, nikamwambia safari hii si mwezi ujao, ni wiki hii. Nikasikia anavuta pumzi, akasema atakwenda kupaka chumba rangi. Nikafua, nikakunja, nikampa shangazi kuku wangu wote. Nilikuwa nikiimba.

Walirudi alfajiri ya siku niliyokuwa niondoke. Nilikuwa natia udhu uani, nikasikia kile kishindo cha mabawa juu, na ile kelele yao ya sokoni, na tone likaniangukia begani. Nikatazama juu. Misufi ilikuwa myeusi tii kwa popo. Nikakaa pale pale chini, kopo la udhu mkononi, nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Shangazi akatoka, akatazama juu, akanitazama mie, akasema, "Lahaula." Akarudi ndani kimya kimya kuwafungua kuku wangu.

Ningeweza kuondoka. Watu wananambia hivyo mpaka leo, na wanasema kweli, bonde halina mlango wala kufuli. Lakini baba hawezi kusimama, shangazi hawezi kukimbia, ami yuko kilimani na msumeno wake, na kila nikijiona nimekaa kwenye lile dirisha la Unguja nasikia ile mashine inanguruma. Mume wangu alinisikiliza mpaka mwisho. "Mimi nilioa mke," akasema, "sikuoa msitu." Baada ya muda alioa mwengine, na mwaka uliofuata akanipa talaka yangu, kwa adabu, bila matusi. Nilisikia kwamba yule mke anashona pia. Hilo ndilo lililoniuma kuliko talaka yenyewe.

Wanawake walipokuja kunipoza walisema nina thawabu. Nikawaambia thawabu hiyo wagawane, mie nimeshiba. Wakaondoka mapema.

Baba alikufa kifo cha taratibu. Siku zake za mwisho nilikuwa nikimlisha uji kwa kijiko, nikimngojea. Nilitaka aseme neno moja tu, binti yangu nimekuonea, basi. Jioni moja alifungua macho akanishika mkono kwa ule mkono wake mzima. Nikainama.

"Wapo?" akaniuliza.

Nilijua anauliza nani. "Wapo, baba."

Akafumba macho. Nilitaka kumtingisha bega. Alikufa kesho yake kabla ya adhuhuri, na kaka yangu aliyekuja kutoka Oman kwa ajili ya hitima aliingia msituni na leso puani, akazunguka, akatoka, akanambia, "Dada, weye unaujua zaidi." Akarudi kwake.

Basi miaka ikaenda. Sitasema uongo: popo wameongezeka. Miche ya mivule imeota mpaka kwenye paa la choo. Chemchem haijakauka hata miaka ambayo visima vya wenzetu vilitoa tope. Kijiji kimeanza kujivuna, wageni wanakuja, na ami yangu, asiyeona haya, sasa mzee na fimbo, huwasubiri wageni barabarani akawaambia, "Karibuni, karibuni kwenye msitu wa ukoo wetu." Siku ya kwanza kumsikia nilicheka mpaka nikakaa.

Yule binti niliyemzaa katika arobaini ile amekulia chini yao. Kichwa chake chepesi kuliko changu. Mie moyoni nilikuwa na jambo moja tu, na nililishika kama mtu anavyoshika kamba ya ndoo kisimani: huyu atatoka. Kila nilichoshona, nilimshonea skuli yake. Akiwa ametoka kwenda kutazama popo wanavyoruka nilikuwa namwita ndani asome. Akiniuliza kitu juu yao nilikuwa namwambia, "Soma kitabu chako, hao hawakupeleki pahala." Alisoma, akafaulu, akapata nafasi ya chuo cha uuguzi Unguja. Sare yake ya kwanza niliishona mwenyewe, nyeupe, nikaianika ndani.

Wiki ya mwisho kabla ya kuondoka kwake, tukaitwa msikitini baada ya sala ya laasiri, wanaume mbele, sisi wanawake barazani nyuma ya pazia. Shehe wa sasa ni kijana, mpole kama yule wa zamani. Alisema maneno mazuri juu yangu mpaka nikaanza kuwa na wasiwasi. Kisha akasema msimamizi wetu anazeeka, na wakfu hautaki kuachwa bila mwenyewe, na ukoo una binti msomi, anaujua msitu ule mti kwa mti. Basi wazee wameona atajwe leo naibu wa mama yake, na baadaye ausimamie. Chuo kinaweza kungoja mwaka. Hapo nikasikia sauti ya ami huko mbele: "Ndiyo hasa. Yupo nyumbani."

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka pazia lilivyokuwa mkononi mwangu. "Hayupo nyumbani!" nikasema. "Binti yangu anakwenda Unguja. Hana msitu, hana popo, hana wakfu. Mie nitausimamia mpaka nizikwe mle mle, na nikishazikwa tafuteni mwengine, lakini si yeye. Shuhudieni!" Shehe akakohoa, akasema basi, tumeshuhudia.

Nilirudi nyumbani nikitembea kama msichana. Nilikuwa nimejifunga mwenyewe, kwa mdomo wangu, na sikujali, kwa sababu yeye nilikuwa nimemfungulia. Binti yangu alikuwa kimya njia nzima. Nikadhani ana haya kwa vile mama yake alivyopiga kelele msikitini. Alikuwa kimya kesho yake pia, na siku zote zile. Alikuwa akitoka magharibi kwenda kusimama msituni, na sikumwita ndani. Nikasema mwache aage.

Tulikwenda Mkoani asubuhi na mapema. Bandari ilijaa watu, wachukuzi wanapiga mayowe, na mchukuzi wetu akalitia begi lake kichwani akatangulia kupanda. Mie nilikuwa nikizungumza bila kusita: uvae soksi, usile barabarani, ukifika nipigie. Akanigeukia pale penye geti.

"Mama," akasema, "babu alikutia ndani bila kukuuliza."

"Ndiyo, mwanangu. Na ndio maana..."

"Na weye umentoa nje bila kuniuliza. Tafauti iko wapi?"

Mie si mtu wa kukosa jibu. Nimewajibu wategaji, nimemjibu kadhi, nimemjibu ami yangu. Pale bandarini nikajikuta namnyoosha ushungi wake uliokuwa umenyooka tayari. Watu walikuwa wakitupita, mmoja akaniambia, "Bi, sogea kidogo," nikasogea.

"Ulikuwa unataka kubaki?" nikamuuliza mwishowe.

"Sijui. Kila nikitaka kujua unanita ndani nisome."

"Basi nakuuliza sasa. Unataka nini?"

Akatazama boti, akanitazama mie. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, lakini sauti ilikuwa kavu. "Sasa begi langu limeshapanda, mama," akasema. Akanibusu mkono, akapita getini, akapotea katikati ya watu.

Nilisimama pale nikimtafuta madirishani na sikumwona. Nilitaka kungoja mpaka boti iondoke, nimpungie hata kama hanioni. Lakini gari ya Ole ilikuwa inajaa, na msituni hapakuwa na mtu, nikaenda kupanda.